Mpinzani Anayelipwa Mshahara

Ipo asubuhi moja ya Guangzhou, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, ingawa mengi ya miaka ile ya mwisho ya tisini nimeshayasahau. Nilikuwa kijana bado, nimetoka Mwanza kununua viatu, na wenzangu sita walikuwa wamenichagua kuwa mwenyekiti wao. Tulijaza kontena moja kwa pamoja, maana hakuna aliyeweza kulijaza peke yake. Kilikuwa cheo kidogo tu, lakini mimi nilitembea nacho kifua mbele.

Tulikuwa tunakunywa chai katika mgahawa mmoja mtaa wa Xiaobei, na televisheni ilikuwa imefunguliwa stesheni ya Hong Kong. Katika habari wakaonyesha Bunge la Uingereza. Waziri mkuu amesimama, na bwana mwingine, upande wa pili wa meza, anamhoji kwa ukali huku wabunge wakizomea, mpaka spika, mama mmoja mwenye sauti nzito, akawanyamazisha. Mimi nilikulia enzi za chama kimoja. Vyama vingi vilikuwa bado vigeni kwetu. Nikamgeukia mwenzetu Mzee Haji, Mzanzibari aliyeosha vyombo katika hoteli za London ujanani kabla ya kuingia biashara. Nikamuuliza kama yule bwana akitoka pale hakamatwi.

Mzee akacheka taratibu. Akaniambia yule ni kiongozi wa upinzani, kuhoji ndiyo kazi yake, na mshahara wake unatoka serikalini, serikali ileile anayoipinga. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Wanamlipa ili awatukane?"

"Wanamlipa ili awaulize," akasema. "Kutukana hawaruhusiwi mle."

Akanieleza kwamba sakafuni mwa ukumbi ule pana mistari miwili myekundu, na anayezungumza haruhusiwi kuivuka kuwafuata wa upande wa pili. Inasemekana zamani walihofia mapanga. Nikataka kujua zaidi. Je, wakikutana nje wanaamkiana? Akasema siku moja alichungulia kwenye mlango wa jikoni hotelini wakati wa harusi, akawaona wabunge wawili wa vyama tofauti wanamegeana keki na kuulizana habari za watoto. Niliuliza mpaka chai yangu ikapoa.

Ungedhani nilijifunza kitu, sivyo?

Mchana wa siku ileile tulikwenda Liuhua, kwenye masoko ya jumla karibu na stesheni ya treni. Kati yetu alikuwepo dada mmoja wa Arusha, Neema, ambaye hakuna jambo lililompita bila swali. Laobani, yaani mwenye duka, alitufungulia boksi la juu, na viatu vyake vilikuwa vizuri kweli. Neema akataka yafunguliwe na ya chini. Akataka pia kiatu kimoja kikunjwe mbele yetu, aone kama gundi imeshika. Laobani akanuna. Mimi nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nikamwambia Neema anatuvunjia heshima mbele ya watu tunaowategemea, na kama haniamini atafute kontena lake. Alitutazama sote, mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Wenzangu walipotangulia nje, Mzee Haji alinisogelea.

"Asubuhi uliniuliza mambo ya London kwa hamu kubwa," akasema. "Nilidhani unauliza kwa faida yako."

Hata hivyo tukanunua, tukapakia, tukarudi nyumbani kusubiri meli.

Kontena lilipofunguliwa Dar es Salaam, viatu vya maboksi ya chini vilikuwa vimebanduka soli, jozi baada ya jozi. Mwenzetu mmoja, Mama Tumaini, mjane aliyekuwa ameweka humo kila alichokuwa nacho, alikaa juu ya boksi akashika kiatu mkono mmoja na soli yake mkono wa pili. Nilisubiri anilaumu. Hakunilaumu.

"Na mimi niliona gundi ile haijashika," akasema kwa upole. "Ila baada ya kuona alivyofukuzwa Neema, niliogopa."

Mwanangu, maneno yale yaliniuma kuliko ile hasara. Kumbe nilimfukuza mmoja, nikawanyamazisha wote.

Safari iliyofuata ya Guangzhou nilimtafuta Neema siku mbili, nikamkuta kwenye masoko ya vitambaa karibu na mtaa wa Kangle, anapapasa bitana kwa vidole. Nikaomba radhi. Alinisikiliza bila kuacha kupapasa kitambaa.

"Nitarudi, Kaka Elia," akasema, "lakini si kwa sababu nilikuwa sahihi. Siku nyingine nitakosea. Siku hiyo utaniacha niulize?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nitakasirika.

"Kasirika. Ila nisikilize."

Na kweli siku ilifika akakosea. Alitufungulisha maboksi nusu siku ghalani, mvua inanyesha, na kila kiatu kilikuwa kizima. Nilichemka moyoni, lakini nikaendelea kufungua. Jioni Mama Tumaini, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema kikaoni, aliinua mkono akauliza swali lake la kwanza.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa watu, iwe ni ofisi, kanisa au nyumba yako mwenyewe, usimhesabu anayekuhoji kuwa adui. Mpe nafasi, hata akiwa anakuchosha, hata siku anapokosea, maana wale wanyonge wanaangalia unavyomtendea ndipo waamue kama na wao waseme. Na jambo jema ukilistaajabia kwa watu wa mbali, jiulize unalitendaje kwa walio karibu nawe. Mimi nilichelewa kujiuliza, na mjane alipata hasara kwa sababu yangu.

Mungu akuzungushie watu wasiokuogopa, akupe na kifua cha kuwavumilia.