Saa Aliyoivaa Mama

Ile saa haikuonyesha hata saa. Ilikuwa kidude cheusi cha mpira, unakifunga mkononi, nacho kinarekodi unavyotembea, unavyolala na mwanga unaokupata. Dada mmoja aliyekuwa akifanya utafiti pale chuoni Kitui alitugawia sisi tuliokubali, akatuuliza na maswali. Unakula? Unalia bila sababu? Nilimjibu ukweli. Tangu tumzike baba sikuwa najua asubuhi ni ya kazi gani. Akasema nisiivue hata nikienda nyumbani, halafu tutakaa tuone mwili wangu unasema nini, na anipeleke kwa mshauri. Haki niliingoja hiyo siku.

Likizo fupi nikaenda kwetu Mbooni, nikalala. Mama akitoka shambani mchana ananikuta kitandani, blanketi hadi kichwani.

"Na hiyo kitu inaona vile unalala?" aliniuliza.

"Inaona yote, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Aii! Mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Msiba ukitokea, yeye ndiye hutumwa kuwatia wafiwa moyo. Ati chuo kizima kijue amelea msichana wa kulala mchana? Akanivua saa, akaivaa mwenyewe.

"Wacha waone mtu wa kazi," akasema.

Nilicheka, na nilikuwa nimesahau kucheka. Basi akapanda na kushuka mlima nayo, akateka maji, akapalilia maharagwe, akaenda nayo ibada, akalala nayo. Sikumkataza. Nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Niliporudi chuoni nilimwambia dada wa utafiti mapema, kabla hajafungua kompyuta, nikijua nitafokewa. Alicheka tu, akasema siku za mama hataziweka kwenye utafiti. Tukaangalia zangu. Usingizi wangu ulikuwa umemwagika kila mahali, mchana na usiku havijulikani. Akaniandikia siku ya kumwona mshauri, nami nikahisi mzigo umepungua kidogo.

"Sasa tuone mtu wa kazi," nikamtania.

Mchana wa mama ulikuwa umejaa kweli. Lakini dada aliendelea kutazama.

"Mama yako hulala saa ngapi?"

"Mapema sana. Tukimaliza maombi anazima taa."

Akanigeuzia kompyuta. Taa inazimwa, giza linaingia, lakini mkono hautulii. Kila usiku ni hivyo hivyo. Anaamka, anatembea, anaketi, anarudi kitandani, na kukipambazuka anaenda shambani.

"Huyu naye nani anamwangalia?" dada akauliza.

Nilikasirika, sijui kwa nini. Nikamwambia mama yangu hana shida, ni mtu wa imani, na kule nyumbani kila mtu humtegemea yeye. Nilitoka nje nikampigia mama simu. Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu, nikashindwa.

"Mama, kwani hulali?"

Nilisikia kuku wake, na upepo.

"Kumbe hiyo saa ni mbea hivyo," akasema.

"Mama."

"Nikilala nasahau kwamba hayuko. Nageuka, nanyoosha mkono upande wake. Afadhali nisilale."

Halafu akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia, hata pale kaburini.