Vigelegele Nilivyojitwalia

Nakiri, jamani, na haya bado ninayo. Mwaka ule wa Uhuru, kijijini Munje, nilikuwa nikighani shairi huku wenzangu wawili wakipiga ngoma na nzumari bila wimbo tuliopatana. Waliifuata sauti yangu popote ilipokwenda. Mke wangu alikuwa na uchungu wa uzazi nyumba ya pili, na mamake alikuwa amenifukuza mlangoni kwa wasiwasi wangu. Nilighani nisije nikalia.

Kwenye ubeti wa tatu, vigelegele vikarindima. Kichwa kikanivimba. Nikainama kushukuru, nikaurudia ubeti. Nzumari ikanyamaza, kisha ngoma.

"Pigeni, watu wamependa!" nikafoka.

Mama mkwe akatokea, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, vigelegele hivyo si vyako. Ni vya binti yako."