Tundu Nililolikata kwenye Bomba la Bibi

Jiko lile nililijenga mwenyewe. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na bado nilibomoa upande mmoja kwa sababu mstari ulipinda kidogo, mahali ambapo hakuna mtu angeuona. Bibi yangu anaishi Buganguzi, mimi nimepanga Nshambya, mjini Bukoba. Nilitaka kitu kimoja tu: apike bila kutokwa machozi.

Jumamosi nilipomtembelea, moshi ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa juu ya paa. Ulivuja kwenye kiwiko, pale bomba linapokata kona kwenda juu, na kwenye maungio ya bati. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi, kanga puani. Aliniambia mafiga yake bado yapo nyuma ya nyumba, hayajasafiri, na kwamba mvua zikianza bomba langu litamfaa kukingia maji.

"Nipe leo tu, waitu," nilimwomba kwa neno letu la heshima la Kihaya.

"Leo nakupa, mke mwenzangu. Kesho nataka kupika, si kufukiza nyuki."

Nilikuwa nimekuja na gundi nyeupe ya madirisha, niliyoichagua dukani kwa sababu inapakika nyororo. Niliipaka kwa kidole, nikaisawazisha, nikaipiga picha. Moto ulipokolea ikachuruzika, na jiko zima likanuka kandambili iliyoungua. Bibi alicheka hadi kisu kikamwanguka. Mimi nilitamani kujificha migombani.

Nikaikwangua yote. Nikachota udongo wa kichuguu ukingoni mwa shamba, nikauchekecha kwa chekeche la unga la bibi bila kuomba ruhusa, nikauchanganya na majivu. Kila donge nililijaribu kwanza juu ya makaa. Yalipasuka. Niliongeza majivu, nikaongeza mchanga, hadi likapatikana moja lililobaki zima. Ndipo nikajaza maungio, nikazungushia ukanda wa bati na kukaza kwa waya. Bibi alinishikia ngazi huku akinong'ona kwa Kihaya. Sikuuliza kama ni sala au matusi.

Asubuhi tuliwasha moto mdogo, kisha mkubwa. Moshi ukapanda juu ya paa, wima. Nilipitisha uso karibu na kila kiungo, hapakuwa na hata uzi. Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya moshi.

Bibi naye alikuwa anatazama juu, kwenye kichanja cha miti kilicho juu ya jiko, anapoivishia kwa moshi ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mikungu ilikuwa ya kijani, imetulia.

"Na hizi zitaiva kwa maombi?"

Watu wa kwenye video hawakuwa na kichanja. Bibi akasema kwa upole kabisa kwamba basi mafiga yatarudi. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile, na usafi wake ndio uliokuwa unamrudisha kwenye machozi.

Kwa hiyo nilikata tundu kwenye bomba nililokesha nikiliwazia. Niliweka kilango cha bati chini ya kichanja: ukikisukuma ndani, kinaziba njia ya juu na moshi unatokea pembeni, kwenye ndizi. Tulikubaliana kwamba atakifungua akishamaliza kupika, kisha atoke na kufunga mlango. Alitaka aruhusiwe kuchungulia. Nilikataa. Tulibishana hadi chai ikapoa, na mwishowe akakubali kuchungulia kwa dirishani.

Wiki iliyofuata alinipigia. Ndizi zilikuwa zimeiva, zina harufu hadi barabarani. Mimi nikamuuliza kama kilango kinafunga sawasawa, maana pembeni kulikuwa na uwazi mdogo ulionisumbua tangu niondoke.

"Achana na kilango," alisema. "Kuku ametaga katikati ya mafiga. Hata nikiyataka, yana mwenyewe."