Kangaga Chumbani mwa Mama Mkwe

Hapa Kasongo, uwanja wa mtu mwenye akili hufagiliwa mpaka udongo ung'ae, na jani lisiloliwa hung'olewa kabla nyoka hajaliona. Mimi nafuga makangaga. Waliosoma Kifaransa wanayaita fujeri, wengine wote wanayaita majani. Jirani yangu aliponiona nikiyamwagilia kabla ya kwenda kufundisha, aliniuliza kwa huruma kama nyumbani kuna mgonjwa anayeyanywa.

Hapana. Kangaga halitoi ua, halitoi tunda, halitoi hata kivuli cha kumtosha kuku. Linataka giza kidogo, udongo mweusi wa majani yaliyooza, na maji kidogo kila siku. Ukilianika juani, linageuka rangi ya tumbaku. Mengine nimeyapanda nyuma ya bafu, yanapopita maji ya kuoga, na hayo yanajilea. Ila lile kubwa, kwenye chungu kilichomeguka mdomo, lilikuwa la mama yangu. Alilichimba mwenyewe kando ya mto kule Nyangwe, akaliweka chini ya mtungi lipate matone. Alipofariki, ndugu zangu waligawana shamba, vitanda na masufuria, wakaniachia chungu huku wakicheka. Nikakiweka chumba cha nyuma, chenye ubaridi. Katika vitu vyote vya mama, ni hicho tu kilichokuwa bado kinakua.

Kisha mke wangu akajifungua, na mama yake akaja kutoka Kabambare kumlea siku arobaini, kama ipasavyo. Niliporudi kutoka shuleni, nilikuta amekwisha kupewa chumba cha nyuma, pamoja na chungu.

Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hamsemeshi uso kwa uso, wala hampi kitu mkononi. Tena huyu hakuwa mama mkwe wa kawaida. Siku ya mahari alisema mbele ya watu kwamba mbuzi wetu ana upele. Mama yangu akanyanyuka, akaenda zake bila kunywa hata maji. Hawakusemezana tena mpaka mama akaingia kaburini.

Nilimwomba mke wangu akitoe chungu.

"Mama iko anapumuzika," akasema. "Nimuambie ahame sababu ya majani?"

Ikabaki njia ya wakwe: kusema na mwingine ili mwenyewe asikie. Nikasimama chini ya dirisha, nikamwambia kuku: "We kuku, ile majani ya mu chungu inataka maji kidogo kila siku. Usiipeleke ku jua."

Kuku alinitazama kama mkaguzi wa shule. Ndani, sauti ikamwambia mwanangu mwenye umri wa siku nne: "Mutoto, ambia baba yako ninasikia."

Nikajipongeza. Wiki ya pili nikakuta majani yote ya kangaga la mama jalalani.

Chini ya jani la kangaga huota madoadoa ya kahawia, yamejipanga mistari. Ndiyo mbegu zake, na yakijaa hivyo ujue mmea una afya. Mama mkwe aliyaona, akaomba kisu.

"Mutoto," ikasema sauti ya dirishani, "ambia baba yako majani yake ilikuwa na upele. Nimeikata yote, shina nimeipaka majivu."

Upele! Mara ya pili! Hasira ilinipanda. Mwalimu mzima, nikamfokea kuku:

"We kuku! Ile haikuwa upele, ni mbegu yake! Na ile chungu ni ya mama yangu! Na mbuzi pia haikukuwa na upele!"

Mke wangu akatoka, mkono mdomoni.

"Umemutukana mama."

"Nimesema na kuku."

"Na kuku iko na masikio ya nani?"

Siku nyingi zikapita bila dirisha kusema neno. Niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana. Kisha mke wangu akaniambia kwamba kila alfajiri mama yake anamimina kwenye chungu maji yanayobaki birikani akishatawadha. Akaniambia pia kwamba machipukizi yametoka, yamejikunja kama ngumi za mtoto wetu. Asubuhi moja nilipita karibu nikamsikia mama mkwe akisema taratibu na mtu. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, na mke wangu yuko bafuni.

Siku ya arobaini pikipiki ikangoja uwanjani. Mama mkwe akasimama mlangoni na mtandio wake, akamwinamia mtoto.

"Mutoto, ambia baba yako, ile chungu ninaiomba. Niligombana na mwenye chungu mbele ya watu, na hakuningojea tupatane. Ninataka niende naye."

Nilikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa hapana. Nikamtafuta kuku. Siku zote yuko miguuni mwangu. Siku hiyo alikuwa amekwenda kwa jirani, na hapana yangu ikakosa wa kuambiwa.

Chumba sasa kilikuwa kitupu, ruhusa kuingia. Nikakibeba chungu, nikakiweka chini mbele yake, nikarudi nyuma hatua mbili. Akainama, akakichukua. Hatukutazamana. Ndivyo heshima inavyotaka, na safari hii nilishukuru, maana nilikuwa nalia.

Baada ya siku tatu akapiga simu kutoka Kabambare. Mke wangu alisikiliza, akacheka, akanigeukia.

"Mama anasema majani tatu imekauka mu njia. Anasema mama yako angali na kasirani." Akasikiliza tena kidogo. "Lakini leo amekunywa maji."