Siku Niliporudisha Thamostati

Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Kibondo, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya kutanuka kwa vitu vinapopata joto, huwa nachora ubaoni thamostati ya gari. Naichora vizuri, nisiwe mnafiki. Nawaeleza wanafunzi kwamba ni kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kilango kinafunga. Ikipata moto, nta iliyo ndani yake inatanuka, kilango kinafunguka, na maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Wanafunzi wanaandika, kengele inalia, nafuta ubao. Na kwa miaka yote hiyo gari langu mwenyewe, lililokuwa limeegeshwa hatua chache kutoka dirisha la darasa, halikuwa na thamostati.

Huku kwetu utalitafuta sana gari la mtumba lenye thamostati. Fundi akiikuta tu anaitoa, na mwenye gari anashukuru. "Hii ni ya watu wenye theluji, Mwalimu," fundi wangu aliniambia siku alipoitoa ya kwangu, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Sisi inatuzibia maji bure." Baadaye sensa ya joto la maji nayo ikafa. Mshale wa kwenye dashibodi ukalala chini kabisa, kama injini haijawahi kuwashwa tangu izaliwe. Fundi akaiunga feni moja kwa moja, ukiwasha gari nayo inazunguka mpaka uzime. Nilinung'unika, lakini gari lilitembea, nami nikazoea kuendesha bila kujua injini yangu ina hali gani.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kukereka. Kitu kisipokuwa mahali pake kinaniwasha. Niliagiza sensa mpya na thamostati mpya kutoka Dar es Salaam, vikaja kwa basi, vikakaa juu ya kabati miezi kadhaa vikinisubiri nipate siku. Siku niliyoichagua ilikuwa mbaya kuliko zote.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, alipiga simu kutoka Heru Juu, kule Kasulu, siku moja mchana. Mama yangu anaishi nami, kwa hiyo alinipigia mimi. Alisema mama mkubwa hali chakula tena, anakunywa maji kwa kijiko, lakini bado anasema na akili ni timamu. "Anamtaka mdogo wake," alisema. "Msikawie." Nilimpa mama simu. Katika watoto wote wa babu walikuwa wamebaki wao wawili tu, na mama mkubwa ndiye aliyembeba mama mgongoni baada ya bibi kufariki; mama alikuwa anamhesabu kuwa mama yake. Aliongea Kiha, polepole, kwa sauti ya juu kidogo kama wanavyoongea wazee kwenye simu. "Mwambieni nakuja kesho asubuhi. Mwanangu ananileta kwa gari lake. Mwambieni anisubiri."

Basi mimi nikaanza kuliwazia gari. Niliwaza ile barabara ndefu, vile vilima, mama kiti cha mbele, na mshale uliolala. Nikasema leo ndiyo leo, hili gari litengenezwe kama lilivyotoka kiwandani. Nikachukua vifaa vyangu juu ya kabati nikaenda gereji.

"Mwalimu, gari linatembea," fundi alisema. "Unalichokoza la nini na kesho una safari?"

Nilimwambia nataka lifike salama. Alishusha pumzi, akachukua spana. Sensa haikumsumbua, aliifungua ya zamani, akafunga mpya, akachomeka waya wake. Feni nayo nikamlazimisha airudishe ilivyokuwa, ijiwashe yenyewe ikisikia joto. Kisha akaishika thamostati. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, kama mwanamume aliyepewa kitoto kichanga cha jirani. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema: fundi huyu alikuwa amezitoa thamostati za nusu ya magari ya Kibondo, lakini hakuwahi kurudisha hata moja.

Alinitazama, nami nikamtazama. Fundi wa kwetu hawezi kusema hajui mbele ya mteja. Na mwalimu hawezi kusema hajui mbele ya fundi, tena mwalimu wa fizikia, aliyeichora ubaoni mara zote hizo akasahau kwamba kwenye mchoro vitu vyote vimeshawekwa mahali pake. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Pale hakuna aliyeuliza. Aliiweka upande wa springi yake ukitazama kwenye rejeta, akapaka silikoni, akakaza bolti. Akaliwasha gari. Mshale ukainuka kidogo, ukaonyesha uhai, nami nikafurahi kiasi kwamba nililizima upesi nikalipeleke nyumbani nikamwonyeshe mama.

Mama alisema ni vizuri. Yeye alikuwa anafunga maharage kwenye kitambaa na kukunja kitenge kipya cha dada yake.

Tuliondoka kumekucha. Barabara siku hizi ni nzuri, na asubuhi ile mimi nilikuwa na raha ya kijinga; kila baada ya dakika mbili nilikuwa nautazama mshale wangu. Mama alikuwa ananieleza jinsi mama mkubwa alivyokuwa akimtafunia muhogo wa kuchoma kabla hajaota meno ya kutosha. Mshale ulikuwa katikati. Tukavuka Malagarasi, tukaanza kupanda, na mshale nao ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Ukakaribia alama nyekundu.

Nikasema sensa ni feki. Niliisema kwa sauti, nikatoa na hotuba kuhusu vifaa vya siku hizi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeukubali mshale unaonidanganya, na siku ya kwanza uliposema kweli, nikauita mwongo. Nilikipiga kioo cha mshale kwa kidole.

"Nasikia harufu," mama alisema.

"Wanachoma mashamba, mama."

Tulikwenda hivyo, labda dakika tano zaidi. Halafu mvuke ukatoka pande zote za boneti, nikasimama pembeni.

Nilipofungua boneti, injini ilikuwa inatokota kama sufuria ya makande. Nikaigusa rejeta kwa tahadhari. Ilikuwa baridi. Nilijua mara moja maana yake: maji ya moto yamefungiwa ndani, kilango hakifunguki, kimewekwa kinyume. Ningeweza kuielezea hali ile kwa mchoro na mishale ya rangi mbili. Lakini sikuwa na spana hata moja, na hata ningekuwa nayo, mkono haukuweza kusogea pale. Nilimpigia fundi. "Mwalimu," alisema, "si nilikwambia uliache?" Nikakata simu kwa sababu alikuwa ameniambia.

Basi la kwenda Kasulu lilitukuta hapo. Dereva alisimamisha, konda akashuka. "Bibi, nafasi ipo, ya dirishani kabisa. Twende." Mama alikuwa ameshainuka na fuko lake mkononi. Nami nikasema, "Mama, subiri. Nusu saa tu, likipoa tunaondoka."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nadhani sikutaka afike kwa basi wakati ameshatangaza kwamba mwanawe anamleta. Nadhani pia niliona haya kuachwa peke yangu na gari bovu, watu wa basi zima wakinichungulia. Sababu zote mbili zilinihusu mimi. Mama mkubwa hakuwemo hata kwenye moja. Mama alinitazama, akalitazama basi, akaliweka fuko chini. Konda akapiga bodi, basi likaondoka.

Nusu saa ikapita, ikapita nyingine. Nilimsimamisha mwenye bodaboda nikamwomba aniletee fundi yeyote kutoka Makere, kijiji cha mbele yetu. Alimleta mtu mzima mmoja mpole, fundi wa pikipiki, aliyekulia kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Aliweka kiganja juu ya injini bila kuigusa.

"Moteri iko moto sana, patron. Tungoje kwanza ipoe. Nikifungua sasa, maji itatuunguza."

Nikamwambia tuna mgonjwa. Akasema pole, lakini moto haujui mgonjwa. Tukasubiri. Nilizunguka gari lile sijui mara ngapi. Niliipepea injini kwa gazeti, mimi, mwalimu ninayejua hasa joto linavyopotea na kwa kasi gani. Mama aliketi kwenye majani, amenyoosha miguu, akaendelea na hadithi zake. Alimsimulia fundi namna dada yake alivyompigania kisimani dhidi ya msichana aliyewazidi umri wote wawili. Fundi alicheka kwa heshima.

Simu ikaita. Alikuwa dada. Nikasogea mbali kidogo na gari.

"Amekwenda, kaka," alisema. "Sasa hivi tu. Alikuwa anauliza kama hilo gari limeshafika."

Huku kwetu habari ya msiba haipewi mtu akiwa njiani. Unamfikisha kwanza penye watu, penye wanawake wa kumshika, ndipo asikie. Nililikumbuka hilo kwa shukrani, na nikajichukia kwa kulishukuru. Nikarudi.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Dada. Anauliza tumefika wapi."

"Umemwambia wapi?"

"Makere."

Alitikisa kichwa. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaifunga upya, akaikaza. Hadithi ya kisimani hakuimaliza.

Injini ilipokubali kuguswa, kazi yenyewe haikuchukua hata robo saa. Fundi alilegeza bolti mbili, akaitoa thamostati yangu mpya inayong'aa, akanionyesha kwenye kiganja.

"Waliigeuza, patron. Niiweke sawa, ao niache nje?"

Yeye alijua inavyowekwa. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali lililostahili kuulizwa. Nami nikamwambia aitupe. Alisita kidogo, akaiweka juu ya jiwe badala ya kuitupa, akafunga, akajaza maji kwa dumu huku injini inakoroma na mapovu ya hewa yanatoka. Gari likaondoka kama lilivyokuwa likitembea siku zote.

Tulipita Makere, tukapita Kasulu mjini, tukaikamata njia ya Heru Juu. Mama alitazama barabara tu. Mshale ulikaa chini ya katikati, sahihi kabisa. Nilitamani aniulize chochote, hata anigombeze.

Watu walikuwa wameshajaa uani. Wanaume walikaa kwenye mabenchi upande mmoja, na kilio cha wanawake kilitoka ndani. Mama alifungua mlango mwenyewe kabla sijazunguka kumsaidia. Dada alitoka akamkumbatia, wakalia pamoja, kisha akasema yale ambayo mtu mwenye uchungu husema bila kupima. "Mama mdogo, mbona mmekawia hivi? Kila gari likipita alikuwa anasikiliza."

Wanaume wa kwenye benchi waligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono myeusi ya grisi.

"Ni mimi," mama alisema kwa Kiha, akipaza sauti ili wote wasikie. "Safari ilinishinda. Nilitapika njia nzima, namwambia mwanangu simama, anasimama. Nasema tupumzike, tunapumzika. Msimlaumu, hakuwa na la kufanya."

Hakunitazama. Walimshika mikono wakaingia naye ndani, fuko la maharage na kitenge likabaki kwenye kiti cha gari.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, akapapasa pale nikae, akanipa pole kwa kumuuguza mama njiani. Akasema si watoto wote wa siku hizi wanaoweza. Nikaketi, nikaificha mikono katikati ya magoti, nikamwambia asante.