Tangi Tupu Halivuji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, si spana. Ilikuwa gereji ya Kilifi, karibu na kivuko, ambako magari ya kwenda Mombasa yalipanga foleni kungoja feri huku injini zikichemka. Fundi Mkuu wa pale alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia iliyokwisha kugeuka rangi kwa grisi. Nilimwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, akanisogezea kitambaa puani.

"Nini hii?"

"Petroli," nikasema.

"Na hii?"

"Dizeli."

"Na hii?"

Nikanusa, nikanusa tena, nikababaika. Nikamwambia sisikii kitu.

"Hiyo ni petroli pia, ila imekauka tangu asubuhi," akasema. "Inayodondoka kila mtu huiona. Wewe utalipwa kwa kuijua hii. Kwenye kazi ya mafuta, pua ndiyo spana ya kwanza. Haya, marahaba. Kachukue fagio."

Enyi vijana mnaochomeka waya kwenye gari mkangoja kioo kiwaambie ugonjwa, chekeni tu. Zamani zetu gari lilisema lenyewe, kwa mlio, kwa moshi na kwa harufu, na asiyejua kusikiliza alifungua injini nzima kutafuta kitu kisichokuwako. Mimi nimewaona, na wengine walikuwa na vyeti.

Kilifi nilikaa miaka mitatu nikijifunza njia ya mafuta tu. Tangi liko nyuma. Juu yake kuna shingo, pale unapofungua kifuniko ukajaza. Kutoka tangini linapita bomba jembamba la chuma chini ya gari mpaka mbele, pampu inayavuta mafuta, na kabureta inayachanganya na hewa ndipo injini iyachome. Kila chuma kinapokutana na chuma huwekwa kipande cha mpira, maana gari hutikisika na chuma hakipindi. Basi huo mpira ndio mnyonge wa nyumba. Jua letu linaukausha, chumvi ya pwani inaula vibano vyake, na barabara za mashimo zinaumalizia. Ukipata ufa mwembamba kama unywele, petroli imepata mlango.

Nilipohamishiwa Malindi nilikuwa nimekwisha kupewa jina la Fundi wa Mafuta, na kichwa kilinivimba kidogo, siwafichi. Gereji ya Malindi ilikuwa tawi la wauzaji wa magari wenye makao makuu Mombasa. Bwana Meneja wa tawi alifunga tai hata mwezi wa pili, joto likiwa limetukamata koo. Hakuwa mtu mbaya, hata! Alitusaidia wengi kwa misiba na kwa arusi. Ila aliamini karatasi kuliko gari. Gari likiwa linatoa moshi mbele yake na karatasi ikasema limepona, yeye angesoma karatasi.

Katikati ya miaka ya themanini ikaja barua kutoka makao makuu. Magari ya aina fulani, yale marefu ya familia yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, yalikuwa na mpira mbovu baina ya pampu na kabureta. Yaitwe yote, yabadilishwe mpira huo bure. Jambo kama hilo lilikuwa geni kwetu. Mtu akiambiwa gari lake alilonunua jipya lirudi gereji, anaanza kukuangalia jicho la upande.

"Bure?" mmoja aliniuliza. "Kitu cha bure gereji? Mnataka kuchukua nini?"

Wakaja, wakanung'unika, wakangoja vipuri vilivyochelewa Mombasa wiki baada ya wiki. Vilipofika nikabadilisha mipira, nikatia sahihi kadi za kazi, moja baada ya nyingine. Kazi safi. Baada ya muda wakaanza kurudi. "Fundi, harufu ingalipo." Nikanusa, nikafungua boneti, nikainua gari kwa jeki, nikapitisha kidole kila mahali. Pakavu. Nikawaambia pakavu. Wakaondoka wakisonya. Baada ya siku kadhaa wamerudi tena, safari hii na matusi.

Aliyerudi zaidi ya wote ni Bi Zuhura wa mtaa wa Barani. Bi Zuhura alikuwa mpambaji wa maharusi, mama wa makamo, mnene wa maungo na mwepesi wa ulimi, na alikuwa akiendesha gari lake mwenyewe wakati ambapo wanawake wenye kufanya hivyo mjini mwetu walijulikana kwa majina. Nguo za maharusi, mito, mapazia, maua ya asumini, vyote alivichukua nyuma ya gari lile. Na vyote vilikuwa vikinuka petroli.

"Fundi, mwanangu," aliniambia mara ya tatu, "bibi arusi wa juzi ametapika. Ametapika juu ya leso ya mama mkwe! Mimi nina jina katika mji huu. Wataka nile wapi?"

Nikachungulia tena. Pakavu, kama kawaida. Tena ndani ya gari palinukia udi mtupu, maana Bi Zuhura alikuwa na desturi yake: kabla ya kumpakia bibi arusi, huweka chetezo chenye makaa garini, akatia udi, akafunga vioo mpaka viti vikolee. Nikamwita Bwana Meneja. Akaja na faili.

"Bi Zuhura," akasema, "barua inasema mpira wa mbele. Mpira wa mbele umebadilishwa. Sahihi ya fundi hii hapa."

"Na pua yangu?"

"Pua haimo kwenye barua."

Bi Zuhura akanigeukia mimi. Alikuwa hana hasira tena, na hilo ndilo lililonikera, maana alikuwa amechoka. Akaniambia leo ana arusi, anampeleka bibi arusi Mambrui alasiri, sasa afanyeje? Nami, kwa ule utani wangu wa kijinga, kwa kutaka aondoke nikamalize kazi nyingine, nikamjibu:

"Zidisha udi, Bi Zuhura. Utashinda tu."

Akacheka kwa kulazimisha. "Haya. Nikajaze mafuta basi, nikafukize." Akaenda zake.

Mdomo huu ndio uliosema maneno hayo. Sikusingiziwa.

Haikupita saa, akaingia Mwalimu Charo wa Marafa na gari la aina ileile. Alikuwa amesikia habari za mwito, amekuja kubadilishiwa mpira. Nikainua gari upande wa nyuma kwa jeki, nilikague bomba lote kwanza, na kabla sijainama nikasikia tone. Kisha tone jingine. Nikaingia chini. Petroli ilikuwa ikichuruzika kutoka shingo ya tangi, pale mpira mnene unapounganisha shingo na tangi lenyewe. Mpira wa nyuma! Umepasuka kwa juu, mahali ambapo mafuta hayafiki isipokuwa tangi likijaa pomoni.

"Mwalimu," nikauliza nikiwa bado chini, "umejaza?"

"Nimejaza sasa hivi. Kwetu Marafa hakuna petroli, nikifika mjini lazima nijaze."

"Huogopi tutakunyonya mafuta?"

Akacheka. "Nisipojaza, mimi nitafikaje nyumbani?"

Nikatoka chini ya gari. Kila mtu wa Malindi aliyeleta gari gerejini alilileta na mafuta ya kufika tu, sindano imelala. Ndivyo ilivyokuwa desturi, maana mafundi tulikuwa na sifa ya kutia mpira tangini na kunyonya mafuta ya watu, na sifa hiyo, nisiseme uongo, hatukusingiziwa. Basi magari yote yale nimeyapima matangi matupu. Tangi tupu halivuji. Wenyewe wakijaza wakaenda safari, linavuja na kunuka, wakirudi kwangu limekwisha kukauka. Na mimi natia sahihi.

Na Bi Zuhura amekwenda kujaza. Kisha ataweka makaa ndani, afunge vioo. Nimemwambia mwenyewe azidishe.

Gari la gereji lilikuwa Watamu. Nikaikamata baiskeli ya mlinzi bila ya kumuomba. Kutoka pale mpaka Barani si mbali, lakini siku hiyo niliiona mbali, na mchanga wa njia ya ndani ulinishika magurudumu hata nikashuka nikakimbia nayo. Nilikuwa nikiomba kwa sauti, Kiswahili na Kigiriama pamoja, na watu wananitazama. Mulungu wangu, usinifanyie hili. Nilikuwa natazama juu ya mapaa kama pana moshi.

Nikafika Barani, nikafuata sauti za kina mama. Nyumba ya arusi imejaa kina mama, vigelegele vinapasua. Gari limesimama mbele ya mlango, buti wazi. Na Bi Zuhura ndiye huyo anatoka, chetezo mkononi, makaa mekundu, udi unafuka. Hatua sita, saba, zimebaki afike garini.

Nikaitupa baiskeli nikasimama kati yake na gari, mikono nimeitanua.

"Rudi ndani na moto huo, Bi Zuhura!"

"Ala! Fundi, una wazimu? Mbele ya watu?"

"Rudi! Nakuomba rudi!"

Vigelegele vikakatika. Mwanamume mmoja, nadhani mjomba wa bibi arusi, akanishika shingo ya ovaroli. Kumzuilia mpambaji udi wake siku ya arusi ni mkosi, na mimi nimeingia kwenye arusi ya watu na magrisi yangu bila hata hodi. Bi Zuhura akanikazia macho.

"Si wewe uliyeniambia nizidishe?"

"Ni mimi. Nimekosea. Nilikosea tangu mara ya kwanza ulipokuja."

Sijui ni maneno au ni uso wangu. Bi Zuhura akamtazama yule mjomba akamwambia, "Mwache." Akarudi ndani na chetezo chake, akakiacha jikoni, akatoka mikono mitupu. Nikalala mchangani, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu, nikautoa umelowa. Nikamsogezea vidole puani, kama nilivyosogezewa kitambaa mimi Kilifi.

Akanusa. Akaangalia gari, akaangalia mlango ambao bibi arusi angetokea, akaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akaketi chini pale pale, na buibui lake zuri, mchangani.

"Lahaula," akasema. "Miezi yote hii ninafukiza maradhi."

"Uliwahi kufukiza tangi likiwa limejaa?"

"Gari hulifukiza nyumbani kwangu kwanza, kisha nikajaza njiani. Leo ndiyo nimetangulia kujaza, kwa kuwa nilipita kwako."

Nikaketi naye. Mtu akaniletea sharubati ya ukwaju, nikainywa yote kwa pumzi moja, machozi yananitoka bila aibu, na kina mama wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu wote, kile kicheko cha watu waliopona. Vigelegele vikarudi. Bibi arusi akapakiwa gari la jirani, akafika Mambrui salama, na nasikia ana wajukuu.

Kesho yake asubuhi nilimwendea Bwana Meneja, nikamwekea mezani ule mpira wa nyuma uliopasuka, juu ya faili lake.

"Barua haisemi huu," akaanza.

"Basi iandikwe nyingine. Na sahihi zangu zote nizifute."

Nilikuwa tayari kufukuzwa. Akauchukua mpira, akaukunja, ufa ukafunguka kama mdomo. Akalegeza tai. Sikuwahi kumwona akilegeza tai. Akaandika Mombasa siku ile ile, kwa mkono wake, na kwa haki yake niseme hakuficha kitu. Mipira ya nyuma ikaja, nayo ikachelewa, msidhani mambo yalinyooka. Tukawaita wenye magari mara ya pili, safari hii tukawaambia waje matangi yamejaa. Makelele yaliyotokea! "Sasa wezi hawa wametoboa siri!" Ikabidi niweke benchi karibu na shimo la kazi, kila mwenye gari aketi hapo, atazame mwanzo mpaka mwisho, na kijiti chake cha kupimia tangi akishike mwenyewe. Desturi ya benchi ilibaki mpaka nikaondoka. Hakuna aliyeungua. Nikihesabu baraka zangu, naanzia hapo.

Nimeulizwa na mafundi vijana nini nilichojifunza. Nawaambia: mwenye gari akikwambia linanuka, linanuka. Lisemwalo lipo. Usipoiona kasoro, basi hujalitazama gari katika hali anayolitumia yeye. Mwulize anajaza lini, anapita njia gani, anapakia nini. Maswali hayo ni bure, na hakuna kompyuta itakayokuulizia.

Lakini liko jambo ambalo sikuwaambia. Tangu siku ile, kila nilipousikia udi niliinuka. Misibani, arusini, hata nyumba za watu, harufu ya udi ikinifika nilianza kutafuta petroli chini yake. Siku ya arusi ya binti yangu niliinuka mara mbili, mke wangu akanivuta shati. "Keti, baba. Hakuna gari humu."

Wiki niliyostaafu, Bi Zuhura alikuja kwangu. Amezeeka, anashikwa mkono, gari alikwisha kuliuza zamani. Amekuja na chetezo chake kile kile. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akaomba makaa jikoni, akatia udi, akakiweka katikati ya sebule.

Nilikuwa nimekwisha kuinuka.

"Nusa vizuri, Fundi," akasema. "Nusa mpaka mwisho."

Nikanusa, kama nilivyofundishwa, taratibu, nikitafuta ile iliyokauka tangu asubuhi. Ulikuwa udi mtupu. Nikaketi.