Mwani wa Kahawia Sebuleni

Ulianza kwenye mchanga, kona ya tangi iliyo karibu na dirisha. Asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, niliinama kuwalisha samaki nikaona vumbi la kahawia limetandaa chini, jembamba kama kakao iliyomwagika mezani. Sikushtuka. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na jambo hili nilikuwa nalijua tangu nilipoanza kufuga samaki wa maji ya chumvi. Tangi likiwekewa maji yasiyolifaa, mwani wa kahawia hujitokeza, hukaa wiki kadhaa, humaliza chakula chake, kisha hufa wenyewe. Kazi ya mwenye tangi ni kutulia na kuacha kuingiza mikono.

Hata sababu niliijua. Chujio langu la maji lilikuwa limeharibika, nikawa nachanganya chumvi kwa maji ya bomba ya hapa Endagikot, Mbulu. Ni maji mazuri kwa chai na maharage, lakini yanatoka kwenye chemchemi za milimani na yamebeba madini ya mawe. Mwani ule hujijengea ganda kwa madini hayohayo, na ganda lenyewe ni kama kioo, ila ni dogo mno kwa macho yetu. Nilichukua tone moja nikaliweka chini ya hadubini ya maabara ya shule. Chembe zake zilionekana vizuri sana, zimechongoka kama punje za ngano, zinateleza polepole. Wanafunzi waligombania kuchungulia. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimefurahi.

Watu wa huku wakisikia natoka Tanga hudhani nimezaliwa ndani ya ngalawa. Hata kuogelea sijui. Nilianza kufuga samaki wa chumvi baada ya kuhamishiwa Mbulu, na nilianza kwa ubishi tu, kwa sababu mwalimu mwenzangu aliapa kwamba katika baridi hii haiwezekani. Basi nikanunua hita, nikanunua pampu na betri ya sola ya kuendesha vyote viwili umeme unapokatika, na chumvi maalumu ikawa inanifuata kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani niliweka mawe ya baharini yenye matundu, konokono wachache, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tumbawe moja laini lenye ncha zinazochezacheza kama vidole vya mtoto mchanga. Tumbawe lile nililipenda kuliko samaki. Wageni karibu wote wakiingia sebuleni huuliza swali moja, kama hao samaki wanaliwa, na mimi huwajibu kwamba wanaliwa na wasiopenda kualikwa tena.

Mama mkwe wangu hakuuliza. Samaki hajawahi kula maishani mwake, wala kumgusa, kwa hiyo kwake swali hilo halikuwa na maana.

Yeye alikuwa mkazi wa Jorodom, kule Katesh. Mlima Hanang uliposhuka, matope na mawe na miti vilipita juu ya nyumba yake alfajiri, yeye akiwa ametoka kwenda kuangalia ng'ombe. Mdogo wake, waliyekuwa wakiishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alikuwa ndani. Tulimzika. Kisha mke wangu, ambaye ni muuguzi na ndiye mtoto pekee aliyebaki mkoani, akamleta mama yake kwetu na kumpa chumba cha nyuma. Jinsi mdogo wake alivyokufa hakutusimulia, nasi hatukumuuliza.

Kuanzia siku ya kwanza alisema atarudi Jorodom. Alisema kiwanja ni chake na angejenga chumba kimoja palepale, hata kama nyumba iko chini yake. Mke wangu alitaka jambo moja tu duniani, mama yake asirudi kulala chini ya mlima ule. Lakini mtu mzima humfungi kamba. Alikula vijiko viwili vitatu akasukuma sahani, mchana alikaa kitandani bila kulala, na mwili ukawa unapungua hadi shingo ikaonekana ndefu. Mke wangu akiwa zamu alinipigia simu kuuliza kama mama amekula, nami nikamjibu kwamba nitajuaje.

Kwa kweli ningejuaje. Kwetu mkwe ana heshima zake na kwao vilevile, tena kwao zaidi. Sikukaa naye chumba kimoja. Nilimsalimia shikamoo nikiwa mlangoni, akaitikia marahaba baba, kila mmoja akaangalia pembeni, basi. Tukiwa na la kuambiana, tulilipitisha kwa mke wangu.

Sasa siku moja nilirudi nikamkuta sebuleni, amesogeza kigoda mbele ya tangi, mikono mapajani. Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa jikoni. Kesho yake alikuwa hapohapo, na siku zilizofuata. Nikiwa nasahihisha madaftari barazani nilimwona kupitia dirishani akiinamisha kichwa kuwafuata samaki walipoingia kwenye tundu la jiwe na kutokea upande wa pili. Alimuuliza binti yake kama wanalala. Alimuuliza kama lile tundu ni la wote wawili au la mmoja. Akaanza kupelekewa ugali na maziwa palepale kwenye kigoda, na sahani ikarudi tupu. Mke wangu, aliyekuwa amelalamika miaka yote kwamba tangi langu limekula sebule, akaniambia nisithubutu kulihamisha hata kwa hatua moja. Habari za Jorodom zikapungua, kisha zikakoma.

Hapo ndipo mwani ulipokuja.

Kutoka kwenye mchanga ulipanda mawe. Ulifunika matundu pembeni, ukashika kioo cha nyuma, ukaanza kukaa kwenye shina la tumbawe. Mimi nilikuwa naufuatilia kama mtu anayefuatilia somo analolipenda. Jioni moja mke wangu alikuja na swali la mama yake, kwamba haya matope yanatoka wapi.

Nilimwambia si matope. Nilimweleza habari ya maji ya bomba, madini na maganda ya kioo, naye akaenda kumwambia kwa Kiiraqw, kwa maneno machache zaidi kuliko yangu. Nilimsikia mama akiitikia. Kesho yake kigoda kilikuwa kimerudi jikoni, na sahani ilirudi ikiwa imejaa.

Mke wangu akanitaka niusafishe. Nikamjibu kwamba ukiugusa unatimka majini, unaenda kulikalia tumbawe, na kwamba ungekwisha wenyewe ndani ya wiki chache. Akanisikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa waliojipangia dawa. Akasema mama hana wiki chache, hali chakula tena. Nikasema baiolojia haina haraka. Ni kweli haina, lakini siku ile ningeweza kukaa kimya, kwani alilala amenipa mgongo.

Basi nilichukua mpira mwembamba nikaunyonya mwani wote, nikafuta kioo, nikayapangusa mawe kwa mswaki. Tangi likang'aa. Mama aliitwa, akaja, akasimama akiangalia muda mrefu, akala chakula cha jioni. Asubuhi mchanga ulikuwa umeshapata kivuli cha kahawia, na hadi mchana matundu ya mawe yalikuwa yamezungukwa tena. Mimi nililitegemea hilo. Kwangu lilikuwa uthibitisho kwamba nilisema kweli, na nilikosa busara kiasi cha kulitamka wakati wa kula.

Mama alikwenda chumba cha nyuma akafunga nguo zake ndani ya shuka. Alimwambia binti yake kwamba Jumamosi ataondoka na gari la kwenda Katesh, na kwamba asimlilie, kwa sababu nyumba hii nayo inafunikwa. Mke wangu alilia hata hivyo. Aliniambia niongee naye. Nikauliza mkwe ataongea nini na mkwe, tena kuhusu mwani. Akaniambia nitafute.

Ilikuwa Jumatano. Sikutafuta.

Ijumaa tulikuwa na mtihani wa majaribio, tukamaliza mapema, nikafika nyumbani saa nane. Kwenye baraza nilikuta mabeseni yote ya nyumbani yamepangwa, na sufuria kubwa ya sherehe. Mama alikuwa ameketi katikati yake juu ya kigoda, amefunga kanga kiunoni, mikono imelowa hadi viwikoni. Alikuwa ameshika jiwe langu moja na brashi ya kufulia. Mawe mengine yalikuwa kwenye maji ya bomba, mengine yamesuguliwa na kuwekwa kwenye jua, meupe kabisa. Sufuria ilikuwa na mchanga. Nilichungulia sebuleni. Samaki wawili walikuwa bado kwenye tangi, kwenye maji yaliyochafuka, bila jiwe wala mchanga, wamejibana kona ya hita. Hao hakuwatoa kwa sababu hagusi samaki.

Tumbawe lilikuwa ndani ya beseni la bluu. Vidole vyake vilikuwa vimelegea na vinatoa utelezi. Maji baridi ya mlimani yasiyo na chumvi yanatosha kuliua ndani ya dakika chache, na hili lilikuwamo muda mrefu kuliko hapo. Mawe nayo karibu yote yalikuwa yameshakufa. Uhai wa tangi haumo kwenye samaki, umo ndani ya matundu ya mawe, kwenye vijidudu wasioonekana wanaosafisha maji, na wale walikuwa wamekwenda na brashi.

Nilisimama kwenye ngazi na mkoba wangu. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli. Kwa mtu mwingine yeyote ningepiga kelele hadi majirani watoke. Kwa mama mkwe huwezi, hata pumzi unaivuta taratibu.

Nikasema, "Mama, ungesubiri kidogo tu. Huo mwani ungeondoka wenyewe."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua kwenye tundu, akizungusha brashi kwa ncha, kazi ya mtu mwenye subira.

"Hata siku ile ya mlima walisema nisubiri," alisema. "Mvua ikatike kwanza, matope yatulie, ndipo watu waweze kukanyaga. Walisema vizuri tu, baba. Na mimi ningemwambia mtu hivyohivyo."

Alichovya jiwe, akalitazama, akalirudia.

"Mdogo wangu alikuwa anagonga bati kutoka chini. Nilikuwa namsikia. Nikasubiri mpaka akaacha kugonga."

Kwenye barabara ya chini kulikuwa na trekta likipita na magunia ya vitunguu saumu. Nilisubiri lipite. Bado nilikuwa na hasira, na huruma nayo ikaja, ila hasira haikuondoka kuipisha. Vyote viwili vilikaa.

Niliweka mkoba chini. Nilivua viatu na soksi, nikakunja mikono ya shati, nikaketi kwenye sakafu ya baraza upande wa pili wa beseni. Sijawahi kukaa karibu hivyo na mama mkwe wangu, na majirani wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo kutuangalia. Nikachukua jiwe kubwa, lile ambalo samaki walikuwa wakiingia na kutoka. Hakukuwa na brashi ya pili, nikatumia kucha na kipande cha gunia. Nilijua ninachofanya. Upande wake mmoja ulikuwa bado haujasuguliwa, ungeweza kupona kama ningeukimbiza kwenye maji ya chumvi. Niliusugua mpaka ukawa mweupe.

Yeye alikuwa anasugua, akinipa jiwe nilisuuze, nami nikisuuza nikalipanga kwenye jua. Maji yakichafuka niliyamwaga kwenye bustani ya mboga na kwenda kuchota mengine. Mara moja alinirudishia jiwe nililolimaliza, akanionyesha kwa kidole tundu dogo chini yake lenye kahawia ndani. Nililirudia.

Mke wangu alitoka zamu akatukuta hivyo. Alisimama getini na koti lake la kazi mkononi, akatuangalia kwanza mmoja kisha mwingine, akaona tumbawe lilivyo kwenye beseni la bluu. Akaingia ndani kuwasha jiko.

Jua lilikuwa limeshuka na baridi ya Mbulu imeanza kung'ata vidole tulipomaliza jiwe la mwisho. Mama alijishika kiuno akanyanyuka polepole. Alikwenda kwenye sufuria, akatia mkono ndani ya mchanga, akautoa na kuutazama kiganjani. Ulikuwa bado wa kahawia.

"Huu tutauosha kesho," alisema.

Kesho ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia sawa, mama.